Kaa

Saa kumi na dakika saba alfajiri redio ikasema: Simama.
Garimoshi la mabehewa tisini na moja halisikii neno.
Husikia breki, nalo hujibu polepole,
kilomita nzima ya chuma kikililia chuma,
nami ndani nahesabu nguzo, naomba
lolote lililo mbele lisiwe la nyama na damu.

Lilikuwa la nyama na damu.
Mianzi mitatu, imefungwa kileleni kwa kamba ya buluu,
imetanua miguu juu ya reli, na huko juu,
kimo cha nyumba ya ghorofa mbili,
bibi mmoja kwenye kiti cha turubai,
kofia ya sufu, miwani, chupa ya chai.
Taa yangu ikammulika. Akanipungia mkono
kama mtu aliyekuja kunipokea stesheni.

Nikashuka. Matusi nilikuwa nimeshayapanga.
"Samahani kwa kukuchelewesha," akasema.
"Naitwa Glenys. Nina miaka sabini na miwili.
Nyonga yangu moja ni ya bandia,
waambie polisi wanishushe kwa upande wa kulia."

Nyuma yangu, tani elfu nane za makaa.
Nyuma yake, bandari ya Newcastle, taa za meli
zimepanga foleni hadi mwisho wa macho,
kila moja yasubiri kushibishwa.
Na katikati yeye, kilo hamsini na ushee,
amekaa.

Neno hilo sijaacha kulitafuna.
Kaa: keti. Kaa: ishi. Kaa: dumu.
Kaa: lile jeusi linalongoja kiberiti.
Nimeyavuta makaa miaka kumi na tisa
wala sikuwahi kumwona mtu
akilijibu kaa kwa kukaa.

"Baba yangu alichimba haya," akasema, "kule Kurri Kurri.
Mwishowe alikohoa hata jina la mama."
Babu yangu naye, nikamwambia.
Tukanyamaza kidogo.

Msimamizi akapiga simu, akataja bei ya kila dakika.
Nikamwambia Glenys: mkopo wa nyumba yangu
umo ndani ya mabehewa haya.
"Najua," akasema, wala hakuongeza la kunipoza.
Akateremsha chai kwa kamba. Ilikuwa na sukari mno.

Sikumwambia habari ya mwaka ule wa moto,
binti yangu Tamsin akilala ndani ya gari,
kiyoyozi kikiunguruma, dawa ya pumu mkononi,
na saa sita ya mchana nje
nyekundu kama ndani ya mdomo.
Moto huzaa jivu, ndiyo.
Lakini mwaka ule jivu lilipeperuka, likatua kwenye mikalitusi,
likazaa moto.

Kulipokucha, ndege wenye mabaka meupe wakaanza kuimba
kana kwamba hakuna kilichosimama.
Askari kijana, Vuković, akapanda kwa kreni,
akamsomea kosa la kuzuia reli.
Bibi akamsahihisha tarehe.
Wakamshusha kwa upande wa kulia.

Meli ikapata shehena yake, imechelewa saa saba.
Hasara hiyo, au faida;
inategemea nani ameshika kalamu.

Mwezi wa sita, mahakamani, hakimu akamwuliza kama anajuta.
Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta funguo.
"Najutia chupa yangu ya chai," akasema.
"Mliichukua kama ushahidi."
Watu wakacheka. Mimi sikucheka.
Kifuniko cha chupa ile, ndicho kikombe chake,
kilikuwa mfukoni mwangu.

Bado naendesha. Nisidanganye.
Mkopo haujaisha, na Tamsin anataka meno yanyooshwe.
Lakini kila alfajiri nikilikaribia daraja la Sandgate,
kikombe kikitetema mbele ya kioo,
mkono wangu huenda wenyewe kwenye breki.
Hauvuti.
Unakaa tu pale.